Nyuzi Thelathini na Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea mengine. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji bado anakoroma kwa afya njema. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Barua yako imenifikia. Nimesikitika kwamba mayai yote uliyoyaweka kwenye mashine ya kutotolesha yameharibika, na kwamba jirani aliyekuagiza vifaranga amekwenda kununua kwingine. Umenieleza pia habari za jukwaa la mafundi mtandaoni, ulikouliza swali kwa jina la Mama Trei, na jinsi mtu anayejiita Mkaguzi alivyokujibu uweke joto la nyuzi thelathini na tisa. Umesema anaandika kama mimi hasa, kila nukta mahali pake, kumbe kichwani hamna kitu. Ukaniomba nikutungie maneno makali ya kumshikisha adabu. Nilianza kucheka, kisha kicheko kikanikauka.

Nimelisoma upya swali lako pale jukwaani. Ni swali safi. Umetaja aina ya mashine, umri wa mayai, ulichokwisha kujaribu na kilichotokea. Wengi huja pale wakisema tu kwamba mashine imegoma, jamani tusaidieni, na Mkaguzi huwagombeza mpaka wanatoroka. Wewe alikusifu mbele ya wote. Alisema hatimaye amepatikana mtu anayejua kuuliza. Nadhani sifa hiyo ndiyo iliyokufanya umwamini.

Lakini sentensi yako ya mwisho ilisema kwamba mashine ina feni. Nyuzi thelathini na tisa ni za mashine isiyo na feni. Yenye feni hutaka thelathini na saba na nusu. Mkaguzi hakuifikia sentensi hiyo. Aliona ulivyoanza vizuri, akafurahi, akajibu kwa mazoea ya mashine yake mwenyewe. Ulipoandika tena kwamba mayai yananuka, alikukaripia kwamba bila shaka hukufuata maelekezo, akaufunga mjadala.

Mdogo wangu, Mkaguzi ni mimi.

Sikuwaambieni kwa sababu nilipenda kuwa na mahali ambapo watu wananiogopa bila kunijua. Sikujua kwamba Mama Trei ni wewe, lakini hilo halinisafishi. Angekuwa mtu mwingine, mpaka leo ningekuwa nimenyamaza. Jana niliufungua mjadala, nikaandika kwamba nilijibu bila kusoma na kwamba kosa halikuwa lako. Watu watatu wameniandikia kwamba nao waliweka thelathini na tisa.

Umesema Jumapili unaweka mayai mengine. Tafadhali teremsha joto kwanza. Usiniamini mimi tu: weka kipimajoto kingine, usawa wa mayai, uiache mashine iwake siku nzima kabla hujaingiza hata yai moja.

Nilitaka kukupigia simu, nikajua nitajikanyaga. Nina swali moja, nimeliandika na kulifuta, na bado halijanyooka: nikija Jumapili, utanifungulia mlango?

Nisalimie shemeji na watoto, na habari hii usiwafiche.

Ni mimi,
kaka yako