Saa Nane, Langoni

3 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yamepata nafuu? Mimi mzima, bado napiga pasi mashuka ya watalii. Safari hii meli itatia nanga kwetu, tarehe 14 Mei, watalii wauone mji wa kale. Nina ruhusa ya kushuka saa nane hadi saa kumi na moja. Tukutane kwenye lango la ukuta. Tangu nilipokosa maziko ya mama hujaniambia kama umenisamehe. Nijibu nikikutazama.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, siyasikilizi. Nimeandika kwenye shajara: saa nane, langoni. Nitakuwepo tangu saa saba na nusu, unanijua. Nyumbani usiende, nimehamia kwa shangazi yako, mbali kwa basi. Simu sina, kwa masikio haya ningekuwa napiga kelele tu. Jibu utalipata uso kwa uso.

Baba yako


14 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekaa langoni muda wote wa ruhusa yangu. Watalii walipita wakimfuata kiongozi wao, akawaambia ukuta una miaka mia saba. Mmoja akanipiga picha akidhani mimi ni mwenyeji. Kila mzee aliyetokea uchochoroni nilisimama. Mwishoni nilikimbia hadi nyumba yetu. Imekuwa ya wageni. Msichana wa mapokezi aliniuliza nimeweka chumba kwa jina gani.

Jibu nimelipata. Sitakusumbua tena.

Ni mimi


9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imefika jana, nimeisoma mara nne, shajara pembeni. Siku ile nilifika saa saba na nusu mchana, shati limenyooka. Kutoka langoni niliona gati tupu. Mkata tiketi wa hapo langoni akaniambia, “Mzee, meli imeondoka saa sita. Kuna binti alikaa hapa asubuhi nzima.” Nikarudi nimenuna, nikidhani ulikuja mapema ili unikwepe.

Jana ndipo nilipoelewa. Saa nane yako ni ya meli, inayohesabiwa tangu saa sita usiku. Kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi. Miaka sita uko baharini, nami nikakusoma kana kwamba bado uko jikoni.

Nilikusamehe siku ileile ya maziko, kabla watu hawajatawanyika. Neno hilo nililiweka nije nikwambie kwa mdomo wangu. Ubishi wa kizee.

Sijui barua hii itakukuta meli gani. Leo imetia nanga nyingine. Najua si yako. Nimeshavaa viatu, nakwenda.

Baba yako