Mwambie Barnabas Asicheze

Sparkbrook,
Birmingham,
Uingereza.
Jumapili, 13 Februari 1972

Mpendwa shemeji Cleopas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, mimi, mdogo wako Barnabas, na mtoto wetu Jemima. U hali gani huko Nairobi? Dada Magdalene hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu Krismasi umetulia? Na watoto je, shule wanaipenda au bado wanasukumwa mlangoni kila asubuhi? Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kama kuna anayeumwa, basi yawe ni mafua tu.

Sisi huku tumezikwa na baridi. Wachimba makaa ya mawe wamegoma, umeme unakatwa kwa zamu mtaa kwa mtaa, na jioni tunapika kwa mshumaa. Ungeniona ungecheka: nesi mzima nimevaa soksi za mume wangu mikononi. Jemima anakua vizuri. Namsemesha Kiswahili, anaelewa kila neno, kisha ananijibu Kiingereza kana kwamba mimi ndiye mgeni wake.

Lakini shemeji, sikukaa mezani kukuandikia habari za baridi. Naogopa. Tangu niolewe kwenu sijawahi kuogopa namna hii, hata siku ile nilipopanda ndege peke yangu kuja kusomea unesi. Usiku sipati usingizi, na kazini mikono yangu imekuwa mizito hata wagonjwa wananiuliza kama naumwa.

Karibu na siku utakayopata barua hii utapata na nyingine kutoka kwa Barnabas. Atakuambia kwamba nimemvua nguo mbele ya wanaume wenzake. Hasemi uongo. Isome yote, halafu soma na hii yangu kabla hujakata shauri, maana wewe ndiye mkubwa wake na neno lako ndilo analolisikia.

Jambo lenyewe ni hili. Katikati ya Januari Barnabas alishikwa na homa, koo likavimba asiweze kumeza hata uji. Daktari alisema ni homa ya tezi. Sasa homa imekwisha. Anakula, anapiga mluzi akinyoa ndevu, na ukimtazama utadhani hajawahi kuumwa. Shida ni kwamba homa hiyo imemwachia bandama iliyovimba. Bandama ikiwa ya kawaida hujificha chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba hutokeza nje, laini kama papai lililoiva. Pigo moja la gongo, au mpira, au hata kiwiko cha mtu, laweza kuipasua, na mtu akavuja damu ndani kwa ndani bila tone moja kuonekana. Daktari alimkataza mpira wa magongo mpaka msimu huu uishe. Nilikuwa nimekaa kando yake, nilisikia kwa masikio yangu.

Nisingeogopa hivi kama ningekuwa nimesoma tu kwenye kitabu. Mwaka jana wodini kwetu aliletwa mwanafunzi mmoja wa kutoka Selly Oak. Alikuwa ametoka kuugua homa hiyo hiyo, akaanguka na baiskeli, usukani ukamchoma ubavuni. Alikuja kwa miguu yake, anatutania, anaomba chai. Alilalamika bega la kushoto tu, maana bandama ikivuja maumivu hupandia huko. Nilikwenda kumletea blanketi na niliporudi uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama shuka. Madaktari walifanya kila walichoweza. Mimi ndiye niliyemfumba macho, shemeji, na alikuwa na umri wa Barnabas.

Nawe unajua mume wangu huchezaje, kwa kuwa ulimfundisha wewe. Kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, ikipigwa, wenzake hubaki kwenye mstari wa goli, yeye ndiye anayechomoka mbio kwenda kuuzuia mpira kwa mwili wake. Watu wanampigia makofi. Mimi siku hizi nikifumba macho ndiyo picha ninayoiona.

Utauliza, kama daktari amekataza, shida iko wapi? Shida ni kazi. Unamkumbuka Kewal, yule Singh mrefu aliyekuwa akichezea Eastleigh huko Nairobi. Huku ni msimamizi kiwandani, na ndiye aliyemwingiza Barnabas kazini mara tu alipofika. Ndiye pia kepteni wa timu yao. Timu imejaa watu wa Nairobi na Kampala, na wakiwa uwanjani hupigiana kelele kwa Kiswahili ili Waingereza wasijue mpango wao. Hakuna anayelipwa. Wakimaliza hunywa chai na sambusa za wake zao, wakaenda nyumbani wakichechemea.

Sasa kumbuka kule kwenye kiwanda chenu cha mabati. Watu waliajiriwa kwa sababu ya magongo. Jina kwenye daftari liliandikwa karani, lakini mguu ukivunjika na ukarani unavunjika nao. Na walikuwa na desturi yao ya kumwaga mtu: wanakuja nyumbani na sahani ya pilau na blanketi jipya, meneja anakushika mkono, anakwambia upumzike. Jumatatu ukifika unamkuta mwingine kwenye kiti chako. Barnabas aliyaona hayo akiwa kijana, na hayajamtoka.

Basi alipokuwa kitandani, Kewal na mkewe Amarjit walikuja kumtazama pamoja na wachezaji wengine. Walileta sufuria ya dengu, chapati na maziwa, na Amarjit akaleta mfarishi mzito wa pamba alioushona kwa mkono wake, kwa kuwa alijua chumba chetu ni baridi. Kwao ndivyo mgonjwa anavyotunzwa. Kewal akamshika mkono, akamwambia, "Barnabas, ndugu yangu, wewe pumzika. Pumzika kabisa, usifikirie mambo ya timu."

Nilikuwa nashukuru mpaka nilipomwona uso. Alikuwa anautazama ule mfarishi kama mtu anayetazama jeneza. Wageni walipoondoka akaniambia, "Wameshanifukuza." Nilicheka, shemeji, nikadhani ni homa inasema. Haikuwa homa. Alipopata nguvu ya kusimama tu, alikwenda kwa Kewal akamwambia daktari amemruhusu kucheza. Mimi hakuniambia lolote.

Nilikuja kujua Jumatatu iliyopita, dukani Ladypool Road. Nilikuwa nachagua bamia, Amarjit akanikumbatia kwa nyuma. "Mama Jemima, Mungu ni mkubwa! Mzee amepona, Jumamosi anacheza!" Sikuwaza heshima ya mume wala nini. Nilimweleza yote pale pale, kwa sauti, kati ya magunia ya mchele, mpaka mwenye duka akaja kunipa kiti.

Jioni Kewal alikuja mwenyewe, na jozi yake ya viatu vya kazini akaiacha mlangoni kwa adabu. "Barnabas, kwa nini uliniambia daktari amesema ni OK?" alimuuliza. "Mimi ningekuweka uwanjani, halafu ningemwangaliaje huyu mama? Ati kazi! Kazi ni ya mikono yako, si ya magongo. Nani alikuambia hii maneno?" Akamtoa kwenye timu, na kiwandani akamhamishia kwenye meza ya kukagua, mahali pa kukaa chini, asinyanyue kitu kizito.

Mtu mwingine angefurahi. Barnabas anasema hata meneja wa Nairobi alikuwa akitabasamu vile vile, na kuwekwa mezani ndiyo hatua ya kwanza ya kutolewa. Kumtoa hofu hiyo nimeshindwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku tatu hakusema nami ila kupitia kwa mtoto.

Na hofu yangu kubwa ya sasa ni hii. Kuna timu ya Waingereza huko Erdington iliyomtaka tangu mwaka jana. Ijumaa aliniambia amewapa neno: atawachezea Jumamosi ya tarehe 26. Anataka Kewal asikie kwamba bado ni mchezaji. Wale watu hawamjui, hawajui aliugua. Katika kumwokoa kwa marafiki nimemtupa kwa wageni. Nikamwambia, "Mficha maradhi, kifo humfichua." Akanijibu kwa kitu kimoja tu, shemeji, na kitu hicho ni wewe. Alisema, "Kaka yangu alicheza fainali na kidole kimevunjika."

Hadithi hiyo naijua. Kila Krismasi tulipokuwa huko uliisimulia, nasi tukapiga vigelegele: kidole kilivunjika asubuhi, ukakifunga kwa utepe wa gundi, ukasimama golini mpaka kombe likapatikana. Nisamehe kwa nitakalosema, maana nakupenda na kukuheshimu. Nimeona unavyofunga vifungo vya shati kwa taabu na mkono ule. Nimeona dada Magdalene akikukatia nyama mbele ya wageni huku akijifanya anakuhudumia. Naomba uniambie kweli, ulicheza siku ile kwa sababu ya ushujaa, au ulikuwa unaogopa kuletewa blanketi?

Kama ni blanketi, mwambie mdogo wako. Mwandikie ukweli huo kama ulivyo, bila kuupamba. Sisi manesi tukisema tunaonekana waoga, na mke akisema anaonekana hana imani na mume. Lakini wewe ukisema, "Nilikuwa naogopa, na sitaki ufanye nilivyofanya," hiyo ataisikia. Tena usitegemee barua peke yake, itachelewa. Piga telegramu, hata ya maneno machache: asicheze, nawe unakataza. Ifike kabla ya tarehe 26.

Kama haitafika, nimeshaamua. Nitapanda basi hadi Erdington nikiwa na sare yangu na kofia yangu ya unesi, na kona fupi ya kwanza nitakuwa nimeshaingia uwanjani. Waite polisi wakitaka. Aibu nimeshaionja wiki hii, na nimeona kwamba mtu anaweza kuila na asife.

Mama usimwambie. Ukimwambia Kisii nzima itajua kabla ya jogoo kuwika, naye ataanza kufunga na kusali mpaka naye augue. Msalimie tu, mwambie kahawa aliyotutumia ilifika, ilikuwa imelowa kidogo lakini tunaikausha juu ya jiko. Msalimie pia mwanao Solomon, mwambie anikumbuke kwenye sala zake za shule. Na dada Magdalene, mkumbatie kwa niaba yangu.

Nilikuwa nimefika hapo na nimeshaanza kutafuta bahasha. Barnabas alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anajifanya anasoma gazeti. Jemima akapanda juu ya kiti kingine ili amrukie babake mapajani, kama anavyofanya kila siku. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Mtoto akaanza kulia, gazeti likaanguka chini. Nilingoja anigombeze. Badala yake alimchukua mtoto, akamweka kwa upole upande wa kulia.

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Moraa, hiyo bandama iko wapi hasa?"

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Nikaushika mkono wake nikauweka pale mahali, chini ya mbavu. Hakuuondoa, na mpaka sasa ninapoandika bado ameuweka pale pale. Hajasema kwamba hatacheza. Lakini nimeona kwamba anaogopa kama mimi, na nadhani alianza kuogopa kabla yangu. Mwandikie upesi, akiwa bado anaogopa.

Mungu awafunike wote mlioko huko, awape mvua kwa wakati wake, na atuachie mtu wetu.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda na kukutegemea,

Gertrude Moraa