Kurasa za Babu Kwenye Kioo cha Herufi

Majengo, Mombasa
4 Aprili 1998

Kwa kaka Abdulbasit,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta na afya, na baridi ya Leicester imekupungukia kidogo. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillah. Moyo ndio hauna uzima.

Diski zako sita zimefika salama. Ami Taib, nduguye baba, alipomuuzia Mzungu mmoja kitabu cha babu, alidhani ameuza karatasi kuukuu za dawa za miti. Hakukumbuka kwamba pembezoni mwake ndimo babu alimoandika ndoa, vizazi na vifo vya nyumba yetu. Mungu akulipe kwa kukipata huko maktabani kimeshageuzwa faili za kompyuta.

Taabu ni kuzisoma. Kompyuta zetu za Shimanzi, tunazoandikia makontena, hazijui picha. Kioo cheusi, herufi za kijani, basi. Na mwandiko wa babu ni wa Kiarabu. Nikamweleza mwenzangu Fondo, fundi wa mitambo yetu. Alifikiri siku mbili, akaandika programu inayoukata ukurasa viraba vidogo vidogo: penye wino inaweka M, penye wino hafifu inaweka kistari, penye weupe haiweki kitu. Jumamosi mchana, ofisi ilipofungwa, tukajaribu. Neno moja la babu likajaza kioo kizima.

"Mimi naona ua wa makuti ulioanguka," akasema Fondo, maana hasomi Kiarabu.

Mimi nilisoma jina la mama: Mwanakuu.

Lakini nukta nyingi zimepotea, na bila nukta, herufi ba na ta ni kitu kimoja. Ami atasema najisomea nipendavyo. Fondo amesema atakata viraba vidogo zaidi.

Kaka, sijasahau. Siku ya hitma ya baba, mbele ya watu, ami alisema mama hakuolewa, aliwekwa tu, na sisi ni wana wa haramu tusio na fungu katika nyumba ya Kibokoni. Mama alitoka na furushi moja, akafia hapa Majengo kabla ya miezi mitano kuisha. Nataka ami naye aaibike mbele ya watu wale wale.

Mdogo wako,
Tumu

---

Leicester
22 Aprili 1998

Kwa dada yangu Tumu,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo, kifua tu kinanisumbua asubuhi nikienda kazini. Wewe je, wala vizuri? Msalimie Fondo na umpe shukrani zangu.

Ukiipata ndoa ya mama, ipeleke kwa wazee, isomwe, jina lake lisafike. Mimi pia usiku ule wa hitma ningalimpiga ami kama nisingalizuiwa. Lakini mama akishasafika, tuwache hapo.

Kakako,
Abdulbasit

---

Majengo, Mombasa
9 Mei 1998

Kwa kaka Abdulbasit,

Salamu nyingi, na pole kwa kifua. Chemsha tangawizi, usidharau.

Nukta zimerudi. Sasa ukurasa mmoja wajaza vioo thelathini, nami naunakili neno kwa neno. Ndoa ya mama hii hapa: "Mwanangu Mbarak amemuoa Mwanakuu binti Ali, mbele yangu," na mashahidi wawili wametajwa kwa majina. Nilitia kichwa mezani nikalia. Fondo akatoka nje akaniwacha.

Kisha nikaendelea na kurasa nyingine, maana umeniletea mia na kumi na wala hukuzisoma. Kaka, kaa kitako. Babu ameandika hivi: "Taib si wa damu yangu. Mamake alifia mlangoni petu, tukamtwaa ana siku tisa, na mke wangu akamnyonyesha. Mbarak ajua. Ni amana kwake, Taib asiambiwe."

Aliyetuita wana wa haramu, yeye ndiye asiye na fungu hata la tofali katika nyumba ile. Nimezipiga chapa kurasa zote mbili kwenye karatasi ndefu ya mashine. Posa ya Raihana, bintiye, ni Ijumaa tarehe kumi na mbili Juni, baada ya Alasiri. Watu wa hitma watakuwapo wote.

Mdogo wako,
Tumu

---

Leicester
26 Mei 1998

Tumu dada yangu,

Assalaam aleikum. Leo siulizi hali, nina haraka barua iwahi.

Soma ule wa mama. Ule wa pili uchome. Baba aliishi na siri ile miaka hamsini, na hata siku walipogombana na ami kwa sababu ya kitabu hakumtupia neno hilo usoni. Amana ya baba ni amana yetu. Na Raihana amekukosea nini? Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya.

Kakako,
Abdulbasit

---

Kibokoni, Mombasa
5 Julai 1998

Kwa kaka Abdulbasit,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Utaona anwani: nakuandikia kutoka nyumbani kwetu.

Barua yako ilifika Jumatano, siku mbili kabla ya posa. Niliisoma, nikaitia mkobani, nikaenda nayo.

Mwalimu Sheikhan ndiye aliyekuja kuongoza posa. Nilimpa karatasi pale ukumbini, mbele ya wanaume. Ya kwanza aliisoma kwa sauti. Baadhi ya watu wakasema Mungu amrehemu Mwanakuu. Ami akainamisha kichwa. Ningaliweza kutoka pale. Mwalimu alipoifunua ya pili, akasoma kimoyomoyo, akaikunja.

"Hii haisomwi, binti yangu."

Nilikuwa nimeihifadhi. Niliisoma mimi, nimesimama, mpaka neno la mwisho.

Ami hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Mbarak alijua?"

"Alijua," nikamwambia.

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akakaa akitazama mikono yake. Watu wa bwana harusi walisema watarudi, hawajarudi. Wiki ya pili ami alinipa ufunguo mkononi, akaondoka na Raihana kwenda kupanga Majengo. Raihana alinipita mlangoni kama anayepita ukuta.

Nilitaka alie, kaka. Hakulia. Lakini sijutii. Mama alitoka kwa mlango huu huu, naye hakuna aliyemtetea. Sasa njoo nyumbani, nimekupigia rangi chumba chako.

Mdogo wako,
Tumu

---

Leicester
16 Agosti 1998

Kwa Tumu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima.

Nyumba sasa ni ya watoto wa Mbarak peke yao, kama ulivyotaka. Wajua sheria: mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Theluthi mbili ni zangu. Nimekwenda kwa wakili nikaziandika hiba, ziwe zawadi kwa Taib, na karatasi imeshafika mikononi mwake. Wewe umelipiza kisasi cha mama. Mimi nimelipa amana ya baba uliyoivunja.

Watarudi Ijumaa tarehe nne Septemba, yeye na Raihana. Chumba ulichonipigia rangi, mpe Raihana.

Usiniandikie mpaka umfungulie mlango, na umwite ami.

Abdulbasit