Furushi la Bibi Linapanda Ndege

Uwanja wa Ndege,
Simikot.
Kartiki 11.

Mpendwa Kaka Dhanjit,

Namaste. Hujambo huko Nepalgunj? Joto la bondeni halijakiyeyusha hicho kitambi ulichorudi nacho kutoka Katar? Bibi anauliza kama unakula na kama unalala. Sisi wazima, ila tumechoka, kaka. Hata mimi nimeishiwa maneno, nawe wanijua.

Naandika mbiombio. Meneja wa uwanja kaambiwa kwa redio kwamba ndege imeruka huko kwako sasa hivi. Kilomita mia mbili kwa dakika hamsini, yaani inakata nne kila dakika. Hesabu hiyo nimeipiga kichwani, kwa darasa langu la saba mnalolicheka. Kwa miguu ni siku kumi na mbili. Tumekaa hapa ukutani siku sita. Tungetembea, saa hizi tungekuwa nusu ya njia.

Kwa simu usitulaumu. Mnara unatumia umeme wa jua, na jua hatujaliona tangu Jumanne.

Lakini nina kosa, na bora ulisikie kwangu. Jumanne kulikuwa kweupe, na nafasi zetu mbili ndegeni zilikuwepo. Bibi hasafiri Jumanne, ni nuksi, ila kuhani alimpa njia: furushi lake litoke Jumatatu alfajiri, saa ya heri, likalale nyumba ya mtu mwingine. Furushi likishatoka, mwenyewe kahesabiwa katoka. Nikatumwa kulipeleka kwa mzee Budha. Baridi ile, kaka, na mbwa wake unamjua. Nikalificha barazani kwetu, nyuma ya kuni, nikarudi kulala.

Siku ya pili nikaliibua huko mbele ya macho ya Bibi. Tukafika uwanjani. Watu wanapanda, yeye akaketi chini.

"Nimetokaje, mjinga wewe, na furushi langu limelala kwangu?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Jioni yake wingu likashuka, likakaa kama mgeni asiye na kwao.

Leo limefunguka kidogo, lakini upepo ni mkali, na ndege itachukua wagonjwa watatu na nesi wao tu. Nikamwambia meneja Bibi ana kilo thelathini na nane, mbuzi anamzidi. Akasema basi hata mbuzi hapandi. Kesho mwezi mpevu, siku ya mwisho ya sikukuu ya wazee kutupaka tika, baraka nyekundu ya paji la uso, na kesho hiyohiyo wewe unarudi Katar kwa miaka mitatu. Bibi ana themanini na moja. Namwona anahesabu miaka kwa vidole.

Basi furushi linakuja, analibeba nesi. Jana nililipeleka kwa mzee Budha kweli. Suruali yangu iliyoraruliwa ni shahidi. Ndani mna machipukizi ya shayiri ya kuvaa sikioni, na matufaha yetu. Nilitaka kuandika kwamba Shangazi Jasmoti akupake tika kwa niaba yake. Bibi akanishika mkono.

"Usiandike hivyo. Mwambie nimeshatoka, nakuja mwenyewe."

Msalimie Shangazi Jasmoti, na Mjomba Karna, mwambie bado namshinda kwa karata. Njia yako iwe nyeupe, kazi yako iwe nyepesi, urudi ukiwa na nywele kichwani.

King'ora kinalia, ndege imeingia bondeni kwetu. Wekundu ulio nyuma ya karatasi hii si uchafu wangu. Bibi amechovya kiganja kwenye tika, akakigandamiza hapo. Geuza, uiname, uweke paji la uso.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kosa,
Birkhe