Picha ya Harusi Dukani

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana cherehani nimeifunika tangu Jumatatu na siwezi kushika mkasi. Mimi ni fundi wa magauni ya harusi, na dukani nimetundika picha yangu mwenyewe siku ninaolewa ili wateja waone kazi yangu, basi akaja mama mmoja kumpimisha binti yake, yule binti akaikodolea macho ile picha nikadhani amelipenda gauni, kumbe anamtazama bwana harusi, akasema, "Mama, si baba huyu?" na mama yake akaniambia taratibu kwamba walifunga ndoa ya mke mmoja na mpaka leo hawajaachana, nikakaa chini juu ya vitambaa vya watu. Nilipombana mume wangu hakukana, alisema walishatengana zamani, na kama nimekasirika atanipa talaka yaishe. Mama yangu anasema niipokee, rafiki yangu anasema ndoa kama hii hubatilishwa mahakamani, na wifi yangu anasema nikithubutu, mwanangu wa miaka mitatu atakuwa hana baba. Aibu nitaibeba, mshauri, lakini mtoto je?

Fundi

Fundi, pole sana. Sasa futa machozi unisikilize.

Talaka huvunja ndoa iliyokuwepo: watu walioana kihalali, wakashindwana. Kubatilisha ni mahakama kutamka kwamba ndoa haikusimama kisheria, kwa mfano mmoja alikuwa bado amefungwa na ndoa nyingine. Kutengana si kuachana. Atakupaje talaka ya ndoa ambayo hakuwa na haki ya kuifunga? Huyo anataka kuyamaliza kimyakimya asiulizwe.

Nawe bwana! Unapima viuno vya watu kutwa nzima, wa kwako ukamchukua bila kumpima? Haya, yamepita.

Wifi yako anamtetea kaka yake. Kubatilisha ndoa hakufuti damu. Baba ni baba, na matunzo atadaiwa. Sheria hutofautiana, kwa hiyo mwone wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria, umuulize haki za mtoto kwanza. Beba cheti cha ndoa na cha kuzaliwa mtoto. Usitie sahihi karatasi yoyote ya mumeo. Na mwombe yule mama nakala ya cheti chake. Hakuja kukuvunjia nyumba, amekufungua macho.

Picha ishushe leo. Kisha ifunue cherehani, umalizie gauni la yule binti, na ulishone vizuri. Ni dada wa mwanao.