Jicho la Kushoto la Saruji: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

Kwa Dada Mkubwa, mjumbe wetu wa familia.

Salamu nyingi katika jina la Mungu mwenye rehema. Hujambo, dada yetu? Goti linaendeleaje, na kazi za huko ugenini? Sisi huku miili ni mizima, ila mioyo imechoka. Nakuletea kumbukumbu za kikao ulichokosa, maana limetokea jambo ambalo bila wewe haliishi. Nimeandika yote, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe. Tafadhali soma ukiwa umekaa.

KAMATI YA KLABU YA NGUMI: KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita (ndiyo 6 katika namba za kumbukumbu)
Mahali: Chumba cha mazoezi, nyuma ya karakana ya kuchomelea
Muda: Kilipangwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:10 (Kocha alichelewa)

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (mwenye karakana)
2. Kocha
3. Kinyozi (mtu wa kona, anayeziba majeraha ulingoni)
4. Fundi Cherehani (mshonaji wa kaptula za mabondia na mtunza vifaa)
5. Katibu

Asiyehudhuria, kwa ruhusa: Dada Mkubwa wa Saruji
Mwalikwa, asiye na kura: Saruji, bondia

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Katibu aliongoza sala. Mwenyekiti alimwomba aifupishe, ikafupishwa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba Kocha na Kinyozi hawasemezani huu mwaka wa nne, na kwamba yeyote kati yao mwenye neno kwa mwenzake alipitishe kwake, kama ilivyozoeleka.

KUMB. NA. 2/6: SAFARI YA SARUJI ULINGONI

Katibu alisoma rekodi. Saruji aliingia klabuni akiwa na miaka ishirini na mbili, akitokea kupakia mifuko ya saruji, ndiyo asili ya jina lake. Kocha alimshusha hadi uzito wa supa-mido, kilo sabini na sita, na tangu hapo siku tatu kabla ya kila kupima uzito anakunywa maji kwa kijiko. Katika mapambano ishirini na matano ya kwanza alishinda ishirini na mawili. Kisha, miaka minne iliyopita, likaja pambano la mkanda wa ubingwa. Raundi ya tisa jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, na Kinyozi akarusha taulo ulingoni, ishara ya kusalimu amri. Mwamuzi akasimamisha.

Baada ya hapo amepigana mara tano: kupoteza nne, sare moja. Ana miaka thelathini na minane.

Kocha alimwomba Mwenyekiti amwambie Kinyozi kwamba raundi ile Saruji alikuwa anaongoza kwa pointi. Kinyozi alimwomba Mwenyekiti amjibu Kocha kwamba jicho halihesabu pointi. Mwenyekiti alisema wote wawili wamesikiana vizuri tu, ajenda iendelee.

KUMB. NA. 3/6: BARUA YA PROMOTA

Mwenyekiti alieleza kwamba Promota anamtaka Saruji kwa pambano la raundi kumi mwishoni mwa mwezi ujao, dhidi ya kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye hajapoteza hata moja. Ili chama cha ngumi kiruhusu, kamati hii lazima ithibitishe kwa barua kwamba Saruji ni mzima, nayo ifike kabla ya tarehe 30 ya mwezi huu. Cheti cha zahanati cha mwezi uliopita kinasema macho yote mawili yanaona sawasawa. Mwenyekiti alisema kwa hiyo hakuna la kujadili, akaomba kalamu.

Fundi Cherehani alinyoosha mkono.

KUMB. NA. 4/6: WIMBO WA KAMBA

Fundi Cherehani alieleza kwamba wiki iliyopita uzi ulianza kumkataa kwenye tundu la sindano, akaenda zahanati ileile kupimwa macho. Alipokalishwa kitini na kuonyeshwa ubao wa herufi ukutani, alisema alizitambua herufi.

"Nikafumba macho," alisema, "nikausoma wote mpaka chini. E! H, T! V, O, A! L, N, U, T! Daktari akaniuliza, mama, umewahi kufanya kazi hapa? Nikamwambia hapana, baba, huo ni wimbo wa kuruka kamba wa klabu yetu."

Kikao kilielezwa kwamba ni kweli, tangu mwezi wa nne mabondia wote huruka kamba wakiimba herufi hizo, kila kamba inapogonga sakafu herufi moja. Mwenyekiti alisema yeye alidhani ni mbinu mpya ya pumzi. Kocha alitazama dirishani.

Hapo Katibu aliomba kusema, na anayaandika hapa kama alivyoyasema. Dada, ni mimi. Nilipokwenda kubadilishiwa miwani niliunakili ule ubao nyuma ya bahasha. Saruji alikuwa ameniomba mara tatu, mara ya tatu alishika mikono yangu yote miwili, nami sikuweza kumwambia hapana. Hakuweza kuzikariri amekaa, kichwa kilikataa, nikaona tuziweke kwenye kamba, maana miguu yake haisahau kitu. Wenzake waliposikia wakaupenda wakaufuatisha, tukashindwa kuwanyamazisha bila kueleza sababu. Nimetubu mbele za Mungu. Mbele ya kamati natubu kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti alimuuliza Kocha kama alijua. Kocha alisema yeye hufundisha ngumi, hafundishi kusoma. Mwenyekiti alirudia swali. Kocha alisema alijua.

KUMB. NA. 5/6: JARIBIO

Kocha alisema jicho limepungua kidogo tu, na kwamba ameshambadilisha Saruji msimamo, mguu wa kulia mbele, ili jicho zima litangulie. Alisema, "Bondia anaona kwa miguu. Huyu nimemlea mimi, namjua."

Safari hii Kinyozi hakupitia kwa Mwenyekiti. Alisimama, akamwomba Saruji amtazame Katibu usoni asigeuke, kisha akapita kushoto kwake, hatua mbili hivi, akachukua kitambaa chake cha kunyolea na kumrushia. Saruji hakupepesa. Kitambaa kilimgonga sikioni, kikabaki begani. Saruji alikishika taratibu kwa vidole kujua ni kitu gani.



Kisha Kinyozi alimgeukia Kocha na kumwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana: "Na ingekuwa konde?"

KUMB. NA. 6/6: MAELEZO YA SARUJI

Mwenyekiti alimruhusu mwalikwa aseme. Saruji alianza kwa kukikunja kile kitambaa na kumrudishia mwenyewe.

Alisema haoni sababu ya kuwadanganya tena. Jicho lilianza kwa kivuli pembeni, kama mtu amesimama mlangoni haingii wala haondoki. Sasa chai akimimina inapita nje ya kikombe. Binti yake keshajua. Wakitembea anahamia mwenyewe upande wa kulia ili aonekane.

"Lakini sikilizeni, wazee wangu," alisema. "Miaka kumi na sita nikiamka najua nafanya nini. Nakimbia, napima kilo, napiga begi. Nikishindwa najua nani kanishinda. Mkininyima hiyo barua, sawa, mna haki. Ila mniambie Jumatatu nikiamka nifanye nini. Mmoja wenu aniambie."

Fundi Cherehani alisema, "Mdogo wangu, utaamka uone mwanao."

Saruji alisema, "Kwa jicho la kulia ninamwona vizuri, dada."

Fundi Cherehani alimuuliza, "Na huyo kijana akiliharibu la kulia?"

Swali limeachwa katika kumbukumbu kama lilivyo.

KUMB. NA. 7/6: KURA

Kwa sababu ya aliyoyakiri chini ya KUMB. NA. 4/6, Katibu aliondolewa katika kura. Hakupinga. Mwenyekiti alipendekeza barua itolewe. Alisema wanachama wanaokuja hapa wanakuja kwa ajili ya jina la Saruji, na mtu mzima aachwe achague mwenyewe namna ya kumaliza. Sauti yake haikuwa na nguvu. Kocha aliunga mkono. Kinyozi na Fundi Cherehani walipinga. Mbili kwa mbili.

Mwenyekiti alidai kura ya pili. Fundi Cherehani alifungua katiba ya klabu, akiwa amevaa miwani mipya, akasoma kwamba Mwenyekiti hana kura ya pili, na kwamba mjumbe wa familia asipokuwepo hupiga yake kwa barua. Iliazimiwa kwamba kura ya Dada Mkubwa ndiyo itakayoamua, na uamuzi wake hautajadiliwa tena.

Kocha aliomba iandikwe kwamba Dada ndiye aliyemleta Saruji klabuni akimshika mkono, na asisahau siku ile. Kinyozi aliomba iandikwe kwamba asipoangalia atamshika mkono tena, safari hii hadi uzeeni. Yote mawili yameandikwa.

Saruji naye aliomba neno moja lifikishwe: "Mwambieni dada asinionee huruma. Na asinikasirikie pia."

KUMB. NA. 8/6: KUFUNGA KIKAO

Iliagizwa kwamba wimbo wa kamba ukome kuanzia leo. Katibu aliagizwa aende zahanati mwenyewe akaeleze. Kikao kilifungwa saa 6:25 mchana bila sala, kwa kuwa aliyepaswa kuiongoza alisema hawezi.

.......................... Mwenyekiti
.......................... Katibu

Dada yangu, hapo juu nimeandika kama katibu. Hapa chini naandika kama ndugu. Sikuambii upige kura gani. Mimi niliyemfundisha kudanganya sina mdomo wa kushauri. Tangu siku ya kikao Saruji anakuja hapa kila asubuhi, anafunga bandeji mikononi, anakaa kwenye benchi bila kupiga begi. Ananiuliza barua yako itafika lini. Nilimwambia ikifika nitamsomea. Akakataa, akasema hii ataisoma mwenyewe.

Basi tafadhali utujibu upesi, kabla ya tarehe 30. Andika neno moja tu, ndiyo au hapana, na uliandike kwa herufi kubwa.