Feni ya Jikoni kwa Nekesa

Jumatatu, 3 Machi
Chai. Dawa ya presha. Redio, taarifa zilezile. Nekesa, mke wa mwanangu, ameanza kukaanga mandazi ya vibanda vya Ziwani na Majengo. Mlango wa jikoni umefungwa kama kila asubuhi. Nyuma yake, kikohozi.

Daktari alisema wazi wiki iliyopita: moshi wa mafuta utoke, au yeye aache kukaanga. Hataki kuacha. Kazi aliianza mwenyewe, na watu wanajua mandazi yake wakiwa wamefumba macho. Wafula, mumewe, yuko njiani na lori. Basi ni mimi.

Nimeamua. Feni ya kuvuta moshi, juu ya jiko la gesi, bomba litokee paani. Dirisha si la kutegemea. Jirani ameegemeza kibanda cha mabati juu yake, halifunguki.

Shida ni kwamba sijawahi kukanyaga jikoni humo. Kwetu baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Kule shambani, Bonde la Ufa, kabla hatujafukuzwa, jiko lilikuwa nyumba peke yake, ng'ambo ya ua. Kukaa mbali nalo hakukuwa kazi. Hapa tunatenganishwa na ukuta mmoja. Mila nyingi zilibaki huko pamoja na mahindi. Hii nilikuja nayo.

Jumanne, 4 Machi
Nekesa kapima kwa utepe wa fundi cherehani, akanitajia nambari kupitia mlangoni. Urefu mita tatu, upana mbili, kimo mbili na nusu.

"Umepima ukuta hadi ukuta, mama?"

"Baba, hata panya aliyekuwa katikati nimempima."

Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Hesabu. Tatu mara mbili mara mbili na nusu: mita za ujazo kumi na tano. Hiyo ndiyo hewa yote aliyo nayo. Nilivyosoma, jiko la kupikia ugali na mboga hewa yake ibadilishwe mara kumi kwa saa. La kukaanga asubuhi nzima, mara ishirini. Mia tatu kwa saa. Bomba lina kona mbili na kila kona hula nguvu. Naongeza mia. Mia nne. Nimerudia hesabu mara tatu. Mia nne.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa Kamau, fundi wa bati na feni karibu na Gikomba. Nguvu imeandikwa ubavuni mwa kila boksi. Nikamwambia mia nne. Akaniangalia kama mtu aliyeagiza nusu kiatu.

"Buda, hiyo ni ya kupoza chai. Beba hii ya elfu moja. Ukiiwasha, hata pazia ya jirani inakam kwako."

"Pazia la jirani silihitaji."

"Wazee wa vitabu," akamwambia mwenzake, wakacheka.

Sikubabaika. Ya elfu moja katika chumba kile itanguruma kama kinu cha posho. Nekesa ataizima ili asikie simu za wateja, na feni iliyozimwa haina nguvu yoyote. Ndogo mno haivuti, kubwa mno haivumiliki. Nimechukua ya mia nne.

Alhamisi, 6 Machi
Kamau amefunga. Kuingia na kutoka siku nzima, ngazi, vipande vya bomba, vumbi hadi kwenye kitanda changu. Kofia ya feni, bati la kukusanya moshi, ina upana wa jiko lenyewe, kama nilivyotaka. Mimi nimeketi sebuleni, nauliza, najibiwa. Wakaijaribu kwa kipande cha gazeti. "Kimenata kwenye wavu, Baba," Nekesa akaita. "Hakianguki."

Nimejivuna. Sikatai.

Ijumaa, 7 Machi
Haifanyi kazi. Naisikia ikizunguka, lakini Nekesa anasema moshi umesimama tu. Kikohozi kibaya kuliko cha Jumatatu. Nimempigia Kamau.

"Si nilikushow, mzee, hiyo ni ndogo? Jumatatu nakuletea ile kubwa."

Nimepitia hesabu upya. Sioni kosa. Hilo ndilo linanitisha: nimehesabu chumba nisichokijua, na anayelipa kwa pumzi ni yeye. Huenda nimekosea. Huenda nichukue kubwa na ninyamaze.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi pumzi zilimbana Nekesa. Jirani kampeleka kliniki, akavutishwa dawa kwa mashine. Daktari kasema ikirudi tena, kukaanga basi. Nekesa amerudi, ameketi.

Nimeketi nikawaza. Alhamisi gazeti lilinata. Ijumaa moshi ukasimama. Feni ileile, bomba lilelile. Tofauti ni nini? Alhamisi Kamau alikuwa akiingia na kutoka. Mlango ulikuwa wazi.

Nimemuuliza: ukikaanga, mlango unaufungaje?

"Naufunga kabisa, Baba. Na kanga yenye maji naisukuma hapo chini."

"Kwa nini?"

"Moshi usikufikie wewe."

Miaka yote hii.

Nikamweleza. Feni haitengenezi hewa. Ikitoa hewa juu, nyingine lazima iingie chini, na dirisha limekufa. Ukiziba na mlango, feni inanyonya chupa iliyofungwa kizibo. Ya elfu moja ingenyonya chupa ileile, kwa kelele zaidi.

Akaelewa upesi. Kisha akainamisha kichwa. Akiacha mlango wazi, kiti changu kinatazama moja kwa moja jikoni. Nitamwona akipika, kichwa wazi, jasho, kanga kiunoni. Mbele ya mkwe. "Haiwezekani, Baba," alisema. "Heri nikohoe."

Nimekasirika, si kwake. Heshima haiwezi kumuua mtu nikiwa nimeketi pale.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimesogeza kiti. Sebule ni ndogo, kiti kizito, nimekataa kusaidiwa. Sasa mgongo wangu umeelekea jikoni na uso umeelekea ukutani. Nikamwambia: fungua, mama. Sioni kitu.

Akasita. Akafungua.

Akawasha feni, akaweka mafuta. Nikamwomba ashike ukanda wa gazeti kizingitini na anieleze unavyofanya. "Umeinama ndani, Baba." Kidogo au sana? "Kama mtu anayevutwa shati." Na moshi? Akainua macho. Kisha: "Unapanda. Wote unapanda."

Mia nne zinatosha.

Jumatatu, 10 Machi
Kamau kaja na boksi kubwa kwenye mkokoteni. Nimemrudisha. Akasimama kizingitini, akatazama moshi unavyokwenda, akatazama kiti changu.

"Lakini mzee, mbona umeangalia ukuta kama umeadhibiwa?"

"Nenda kazini, Kamau."

Jumanne, 11 Machi
Amekaanga tangu alfajiri, mlango wazi. Feni inavuma chini chini, mtu anaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Tumezungumza. Bei ya unga, mahubiri, Wafula atafika lini. Sijamsikia akikohoa. Nimesikiliza sana.

Sahani imenifikia kutoka nyuma, juu ya bega. Mandazi mawili, moto. Sikugeuka.